Chakula safi, na orodha iliyozidi

Maneno yaliyotolewa na timu ya lishe mbele ya mkutano wa wanachama, Bangboka. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika siku ile, na kwa wafadhili wetu.

Tunashukuru kupewa nafasi kabla ya hesabu ya likelemba. Baada ya hesabu, tunajua, hakuna mtu anabaki kusikiliza watu wa ONG.

Mmetuomba tuseme juu ya chakula safi. Ombi lilitoka kwenu, na lilitoka kwenye ugomvi. Mnakumbuka Jumamosi ile ya kupika pamoja. Tulipika makemba, sombe na mawese, ndakala, na karanga ya kutwanga juu yake. Sufuria kubwa ilibaki nusu. Wamama sita walikaa pembeni na watoto wao bila kuonja. Mmoja alisema sombe yetu ina mafuta machafu. Mwingine alisema hao ndakala hajui wametoka kwenye maji gani. Wa tatu alifungua kitambaa, akatoa fufu nyeupe ya nyumbani kwake, akamlisha mtoto wake wa miaka miwili fufu na chumvi kidogo. Basi maneno yakaanza. "Munazani tuliweka sumu?" Mnajua wenyewe neno hilo kwetu linafika wapi. Mtu anayekataa sahani ya jirani, ama anaogopa sumu, ama anamwita jirani mchawi bila kufungua mdomo. Tuliondoka siku ile na uchungu.

Lakini siku ile ile tulipima mikono ya watoto kwa utepe. Mtoto wa fufu na chumvi alikuwa kwenye rangi ya manjano, milimita 118. Chini ya 115 ni nyekundu, na nyekundu ni hatari ya kifo. Wiki mbili baadaye miguu yake ilivimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mtoto akivimba hivyo miguu yote miwili, hata utepe hatuuangalii tena, anakwenda kutibiwa siku hiyo hiyo. Alikwenda. Leo anatembea, anagombana na wenzake, mmemwona pale nje akifukuza kuku wa mwenyekiti.

Mama yake yuko hapa. Ametupa ruhusa tuseme kisa chake bila jina, na ametuomba tukiseme sawasawa, bila kumfanya mjinga.

Yeye alikimbia kama wengi wenu. Huko kambini alizaa mtoto wa kwanza, na huko huko mtoto akafa kwa kuhara, siku mbili tu. Aliporudi Bangboka na kuzaa huyu wa pili, aliapa kwamba hakuna uchafu utakaoingia kwenye mdomo wake. Anachemsha maji. Ananawa mikono mpaka sabuni inaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo nani atamlaumu? Mtoto alipoanza kuhara tena, alitafuta chakula kilichomletea. Akaondoa mawese. Kuhara kukapungua siku tatu, kukarudi. Akaondoa ndakala. Kukapungua, kukarudi. Akaondoa karanga, juu alisikia redioni kwamba karanga yenye ukungu inaharibu ini. Akaondoa maharage juu ya tumbo kujaa. Mayai hakuwahi kumpa, kwa sababu nyanya yake alimwambia mtoto anayekula yai atakuwa mwizi. Matembele aliyaacha juu yanaota karibu na choo cha jirani. Kila kitu kilichoondoka kilikuwa na sababu yake, na sababu nyingine si za uongo. Mwisho ikabaki fufu, chumvi na maji ya moto. Fufu ile ilikuwa nyeupe kama karatasi, imechekechwa mara mbili.

Tulipofika nyumbani kwake tuliangalia chungu, tukaangalia mboga, tukaangalia choo. Safi, kuliko nyumbani kwetu wengine, tuseme ukweli. Kisha mmoja wetu akaomba maji ya kunywa. Maji yaliyochemshwa vizuri alikuwa anayaweka kwenye bidoni ya lita 20 ambayo zamani ilibeba mafuta. Tuliingiza kidole kwenye mdomo wa bidoni. Ndani kulikuwa na utelezi wa kijani. Bidoni ile haikuwahi kusuguliwa toka inunuliwe, kwa sababu mkono hauingii. Mtoto alikuwa anakunywa humo kila siku, huku mama anafukuza samaki na karanga.

Tulitia mchanga na maji, tukatikisa mpaka mikono ikauma, tukamwaga, tukarudia mara tatu, halafu javeli. Kuhara kulipungua, na safari hii hakukurudi baada ya siku tatu.

Sasa sehemu ambayo si rahisi kwetu. Tulipomuuliza mama nani alimwambia kwanza aondoe mawese, alituangalia akasema: "Ni ninyi. Muliandika."

Ni kweli. Miaka miwili iliyopita tulibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa paiyoti hii. Ilikuwa na mistari miwili: vyakula vizuri upande huu, vyakula vibaya upande ule. Upande wa vibaya tuliandika vitu vitano tu: sukari nyingi, pombe kali, kibe za kuungia mboga, samaki wa chumvi, na mafuta. "Mafuta", hivyo tu, bila maneno mengine. Tuliitoa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa watu wa Ulaya, ambao shida yao ni kula kupita kiasi na kukaa kwenye kiti siku nzima. Sisi tumesoma chuo, tukaona imeandikwa vizuri, na picha zake zina rangi, tukaileta kama ilivyo kwa watu wanaolima kwa jembe na kubeba mzigo kichwani mpaka sokoni.

Kisha karatasi ikaanza kukua. Hatujui ni nani wa kwanza aliyeongeza kwa biki. Mmoja aliandika nguruwe. Mwingine akaandika ngolo na samaki wote wasio na magamba. Mwingine mbinzo. Mwingine "nyama ya friji". Mwingine maziwa ya kopo, soja, maharage, nanasi kwa wajawazito. Tulipoibandua mwezi uliopita tulihesabu vitu zaidi ya ishirini upande wa vibaya. Upande wa vizuri ulibaki vile vile tulivyouacha, hakuna aliyeongeza hata kimoja.

Tunaomba radhi kwa ile karatasi. Na kwa wafadhili watakaosoma hapa: tafadhali msitutumie nyingine kama ile, hata kama imechapwa vizuri.

Tusieleweke vibaya. Usafi wa chakula ni kitu cha kweli, na ninyi mnaujua kuliko chuo chochote. Chukueni mihogo. Mihogo michungu ina sumu ndani yake, sianidi, na wazazi wetu walijua kuitoa kabla hakujakuwa na maabara: kumenya, kulowesha siku tatu au nne mpaka ilainike, kuanika juani. Sombe nayo inatwangwa na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo. Huo ndio usafi unaookoa mtu. Kule Kwango, mwaka 1938, daktari mmoja wa wakati wa Wabelgiji, Giovanni Trolli, aliandika juu ya ugonjwa ambao wenyeji waliuita konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi tena kama zamani. Baadaye watafiti waliofanya kazi Bandundu waliona kwamba barabara ya kwenda Kinshasa ilipokuwa nzuri na biashara ya mihogo ikapanda, familia fulani zilipunguza siku za kulowesha ili kuuza haraka, na konzo ikawapata. Hatusemi konzo iko hapa Bangboka. Tunasema yule mama mzee anayewagombeza mnapotoa mihogo kwenye maji siku ya pili, msikilizeni.

Lakini sikieni sehemu ya pili ya habari hiyo, ambayo watu wengi hawaijui. Konzo haipigi kila mtu anayekula mihogo isiyoloweshwa vizuri. Inapiga zaidi wale ambao kwenye sahani hawana kitu kingine. Mwili una njia yake ya kuosha ile sianidi: unaigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu na kuitoa kwa mkojo. Kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo unaipata kwenye protini, yaani samaki, nyama, mayai, na kidogo kwenye maharage na karanga. Mtu aliyeondoa samaki, mayai na maharage kwa ajili ya usafi, akabaki na fufu tupu, ameunyang'anya mwili wake sabuni ambayo ungetumia kujiosha. Hii tulimwambia mama wa mtoto siku ile, na ni neno hili lililomgusa, si yale mengine yote.

Mafuta ya mawese, sasa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ugomvi wa sufuria ulianzia hapo.

Tshopo ni nchi ya ngazi. Yangambi, karibu kilometa 100 kutoka mjini ukishuka mto, ndiko ambako Beirnaert na Vanderweyen mwaka 1941 walionyesha jinsi ngazi ya ganda nene ikichanganywa na ile isiyo na ganda inavyozaa ngazi ya ganda jembamba yenye mafuta mengi, na mashamba ya ngazi duniani yanapandwa kwa elimu hiyo mpaka leo. Sisi tunaokaa hapa tunaogopa mafuta yetu wenyewe. Wengine wameacha kabisa. Wengine, na hao ni wengi zaidi, wanayapenda yakiwa "safi": wanayaweka motoni mpaka yatoe moshi, wekundu uondoke, yabaki meupe kama yale ya duka. Wageni wakija, mama anajivunia.

Ule wekundu ndio chakula chenyewe. Ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ile ile ambayo relé wanawapa watoto wenu kwa matone kila miezi sita, kidonge cha bluu kwa wa miezi 6 mpaka 11, chekundu kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano. Mawese mekundu ni kati ya vyakula vyenye karotini nyingi kuliko vyote tunavyovijua. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeitupa hewani, kisha unangoja miezi sita kidonge kitoke Kinshasa. Ndiyo, nusu hivi ya mawese ni yale mafuta mazito ambayo daktari wa moyo anayapunguzia watu wa umri mkubwa wenye tatizo, na hatuyafichi hayo. Kwa mtoto wa miaka miwili hapa Bangboka, kijiko kimoja cha mawese mekundu kwenye uji, kiwekwe mwishoni, sufuria ikishatoka motoni, ni dawa.

Jambo hili la kupenda weupe halikuanzia kwetu. Kule Java, mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wanadhoofika miguu na shingo kwa kulishwa mchele mweupe uliosafishwa, na wanapona wakipewa mchele wenye ganda lake la ndani. Watu walikuwa wanakufa kwa beriberi kwa sababu ya mchele uliokuwa safi mno. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Basi tusionane wajinga.

Kuna daktari mwingine, wa Marekani, tunaona afaa kutajwa hapa. Anaitwa Steven Bratman. Zamani aliishi katika jumuiya ya watu waliolima na kula chakula cha asili tu, na yeye alikuwa mpishi wao. Anasimulia kwamba alifika mahali anakataa mboga iliyokwisha kung'olewa zaidi ya robo saa, na kila tonge analitafuna mara 50. Kichwa chake hakikuwa na nafasi ya kitu kingine. Mwaka 1997 aliandika juu ya hali hiyo na kuipa jina, ortoreksia, kutoka maneno mawili ya Kigiriki: "sawa" na "hamu ya kula". Madaktari bado wanabishana kama ni ugonjwa wa peke yake, na katika kitabu kikubwa cha Wamarekani cha magonjwa ya akili hauna ukurasa wake. Sisi tulipolisoma jina hilo mara ya kwanza chuoni Kisangani tulicheka. Tulisema huo ni ugonjwa wa wazungu wenye friji.

Hatucheki tena, na si kwa sababu ya mtoto peke yake. Kuna papa mmoja, seremala, wengi mnamjua na hayupo leo. Alikwenda kupimwa, akakutwa na tansio. Mnganga akamwambia apunguze chumvi, na alisema vizuri: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na sisi kwa kibe na makayabu tunapita hapo kabla ya jua kukaa katikati. Papa alipunguza chumvi, akapata nafuu, akafurahi. Kisha hakuweza kusimama. Akaacha mafuta, akaacha nyama, akaacha samaki wa moshi, akaacha chochote kilichopikwa na mkono usio wa mke wake. Baadaye na mke wake akaanza kumsimamia jikoni. Nyumbani kwao kuna vyungu viwili, mafiga mawili, makaa mara mbili. Kwenye matanga anafika, anasalimia, anasimama mlangoni, anaondoka kabla ya sahani. Suruali anaifunga kwa kamba. Watoto wake wanasema anaongea habari za tumbo lake kutoka asubuhi mpaka usiku. Wako watu mtaani ambao wameanza kunong'ona kwamba mtu asiyekula na watu ana chakula kingine anachokula usiku. Neno hilo likikomaa, papa huyu hatauawa na tansio. Tunawaomba wazee mlizime sasa, leo, kabla halijafika kwa vijana.

Tumekwenda kwake mara mbili. Hatukwenda kumwambia ale kila kitu. Tulimuuliza tu: toka uanze, orodha yako iliwahi kupungua hata kitu kimoja? Alifikiri muda mrefu. Akasema hapana.

Tunaona alama iko hapo. Mtu mwenye sukari aliyepewa masharti na daktari ana orodha, na ina mwisho. Ndugu zetu Waislamu hawali nguruwe. Waadventista hawali nguruwe wala samaki asiye na magamba, na ngolo akiwa mnono namna gani hawamgusi. Hayo ni ya imani, hatuingii, na tulikosea siku ile tulipomcheka mmoja wao karibu na sufuria. Orodha yao inajulikana, haikui kila wiki, na mama Mwadventista anajua atamlisha mtoto nini badala yake: mayai, karanga, maharage, samaki wa magamba. Orodha inayotutisha ni ile inayokula. Kila wiki inameza kitu kimoja, haitoi kingine badala, na mtu akiulizwa sababu anataja uchafu tu.

Juu ya kusafisha tumbo tutapita haraka, maana hapa kuna watoto. Mnajua lavema, ile pompi ya mpira, na majani na pilipili ndani yake, hata kwa mtoto mchanga. Mtoto anayehara ukimpiga lavema unamtoa maji aliyobaki nayo. Mtoto chini ya miezi sita hata maji yaliyochemshwa hayahitaji, ziwa la mama linatosha. Mwenye swali atufuate pembeni.

Na unga. Hii mnaijua na mnanyamaza. Mwezi wa pili alipita mtu na begi anauza unga wa "kusafisha damu", na wanachama walitoa zamu yao ya likelemba wakanunua. Hatumjui, hatumtaji, ameshakwenda. Kopo moja lilikuwa bei ya kuku wawili wa mayai. Tumelisoma kopo lile pande zote: halina jina la kiwanda, halina tarehe. Aliyelinunua alituambia alijisikia mwepesi. Tulimuuliza alikuwa amekula nini juma lile, akasema karibu hakula. Tungekuwa wepesi wote.

Wazee mliokuwa hapa mwaka 2000 mnakumbuka siku zile sita za mwezi wa 6, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana Kisangani juu ya vichwa vya watu. Mmoja wenu alituambia kwamba walikula makemba mabichi chini ya kitanda, na aliyekuwa na chupa ya mawese aligawa kwa kifuniko. Hatulisemi hili ili tule uchafu. Karanga yenye ukungu, itupe, hata kama uliinunua kwa shida, redio haikudanganya. Samaki anayenuka dawa, au aliyevuliwa kwa sumu, mwache pale pale sokoni na umwambie muuzaji kwa nini. Tunalisema kwa sababu watu waliofukuzwa makwao wanarudi na hofu, na hofu inatafuta mahali pa kukaa. Vita huwezi kuvichuja. Kifo cha mtoto kambini huwezi kukirudisha nyuma. Sahani iko mbele yako na mkono wako unaifikia. Mama yule alitueleza hivyo, kwa maneno yake: "Kwa sahani ndiyo nilikuwa na nguvu." Tuliandika sentensi hiyo kwenye daftari la ripoti, ingawa fomu haina sehemu ya kuiweka.

Kwa hiyo tumekubaliana na komite mambo haya. Ukutani hatutabandika tena mistari miwili. Kila mwezi, wamama watakaopika watasema nini waliongeza kwenye chungu cha nyumbani, si nini waliondoa. Mwezi huu tayari kuna mbinzo wa kukausha: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na sisi tuliosoma ndio tulikuwa tunaona aibu kuwala mbele ya wageni. Kuna mbika. Kuna mayai, na juu ya wizi, mmoja wa wazee amesema mezani kwamba wezi wote anaowajua walikua na njaa. Kwa wafadhili, ombi letu ni dogo: kuku wa mayai kwa familia zenye watoto walio kwenye manjano, na bidoni mpya zenye mdomo mpana, ambazo mkono unaingia. Bidoni kwanza, kama pesa haitoshi kwa vyote viwili.

Papa seremala amekubali kututengenezea kichanja cha kuanikia vyombo hapa kwenye paiyoti. Atafanya kazi siku ya Jumamosi ile ile ya kupika. Hatukumwomba ale. Tafadhali na ninyi msimwombe. Mwekeeni sahani karibu, ifunikwe, muendelee na maneno mengine.

Tutapika lituma, sombe na mawese mekundu, na ndakala. Ndakala tutawaosha mbele yenu wote, kwa maji ya moto. Mama wa mtoto ndiye atasimamia maji, na amesema hakuna atakayechota kabla yeye hajaangalia ndani ya chombo. Tunaanza saa tatu asubuhi. Kila mtu aje na bidoni yake, tupu. Mchanga wa kusugulia upo.